Neno Moja Nililomnyima Mama Sifa

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Asifiwe na sisi tulioamka wazima, asifiwe na mama zetu kule nyuma wenye watoto mgongoni, asifiwe hata na wale waliofika wamelowa kwa mvua ya leo! Mimi ni Byamungu. Wengi mnanijua. Kwanza mlinijua kama mtu anayesimama hapa mbele, ubavuni mwa mhubiri, akigeuza Kiingereza chake kuwa Kiswahili. Baadaye mkanijua kama yule anayekaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Wapo waliojiunga nasi baadaye wakauliza kwa nini, na wapo walioogopa kuuliza. Leo Mchungaji Elia ameniruhusu niseme yote. Sitajipamba, na naomba mnivumilie.

Ndugu zangu, mimi ni mtoto wa Kivu. Nilikulia mlimani, baba akifuga, mama akilima maharage. Ng'ambo ya mto wetu walikaa watu wa kabila lingine. Nilicheza na watoto wao, nikala kwao, nikajifunza lugha yao mpaka nikawa naota kwa lugha hiyo. Kabila lile sitalitaja hapa. Zamani nilikuwa nalitaja kila siku, na kila mara nilipolitaja nilitema mate.

Nilikuwa na mdogo wangu, Heri. Alikuwa fundi wa redio, kijana mpole, mwenye kuchekacheka. Siku moja ya soko, asubuhi, walikuja watu wenye bunduki wakamtoa kwenye kibanda chake. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ukuta wa matofali, hatua kama ishirini hivi. Walimsemesha kwa ile lugha niliyoijua. Nilisikia kila neno. Nilimsikia Heri akiwaomba, nikawasikia wakimcheka, kisha nikasikia risasi. Na mimi sikutoka. Nilibaki pale nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Tulimzika, nikamchukua mke wangu Riziki na watoto wetu wawili, tukavuka mpaka. Tukafika Kampala tukiwa na mfuko mmoja wa nguo. Tulipata chumba hapa Makindye, tukalala chini, tukaanza upya kama wengi wenu mlivyoanza. Mnaijua njia hiyo, sina haja ya kuwaeleza.

Mungu alikuwa amenipa kichwa cha lugha. Kiingereza nilikipata haraka, na Kiganda cha kuombea maji na kupatana bei. Haukupita muda nikapata kazi ya ukalimani katika ofisi moja ambayo nayo sitaitaja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mkimbizi anakaa upande mmoja wa meza, afisa upande wa pili, na mimi katikati. Mkimbizi anaeleza kwa nini alikimbia, mimi namweleza afisa. Afisa anauliza, mimi nampelekea mkimbizi swali. Afisa anaandika kile tu kilichotoka kinywani mwangu. Fikirini, ndugu zangu! Mtu amepoteza nyumba, amepoteza mume, amebakiwa na maneno yake tu, na maneno hayo yanapita kwangu kwanza.

Na Jumapili nilikuwa hapa. Mhubiri mgeni akija, ni mimi. Anaruka, naruka. Analia, nalia. Anasema neema ya Mungu inamfikia mtu mchafu na kumfanya mpya, nami naligeuza kwa Kiswahili kitamu hadi akina mama wanapiga vigelegele. Mlikuwa mnanishika mkono pale mlangoni mkisema, "Papa Byamungu, una upako!" Na mimi nilipenda sana kuambiwa hivyo. Lakini nilikuwa kama bomba, ndugu zangu. Bomba linapitisha maji kutwa nzima, na lenyewe halinywi hata tone.

Sasa nisikilizeni.

Siku moja ofisini aliingia mama mmoja mwembamba, amefunga kitambaa cha bluu kichwani. Alikuwa na binti yake wa miaka kama tisa, Sifa, aliyekuwa akiburuta mguu wa kushoto. Mama alifungua kinywa kusalimia. Ilikuwa ile lugha. Kiswahili alikuwa hakijui, ila maneno mawili matatu ya sokoni. Afisa, ambaye alikuwa mama wa Kiganda, mtu wa haki na mwenye subira, aliniuliza kama naielewa lugha yake. Nikasema naielewa vizuri kabisa.

Mama Sifa akaanza kueleza. Mume wake alikuwa anatengeneza baiskeli. Watu wenye bunduki waliingia kijijini kwao, wakawakusanya wanaume. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayajua kwa moyo. Alisema, "Walimlazimisha awabebee mizigo yao." Walimlazimisha! Siku ya tatu alipochoka, wakamuua njiani. Mama na watoto wakakimbilia msituni, na huko ndiko Sifa alikoanguka bondeni akavunjika mguu, ukaungana vibaya.

Nilipaswa kumwambia afisa maneno yaleyale. Lakini masikio yangu yalikuwa yanasikia kicheko cha wale waliomuua Heri. Nikamtazama yule mama, sikumwona mama. Niliwaona wao. Nikageuka nikamwambia afisa, "Anasema mume wake aliwabebea mizigo."

Nilitoa neno moja tu.

Afisa akainua uso. Akauliza, "Aliwabebea kwa hiari yake?" Hilo lilikuwa swali, na kazi yangu ilikuwa kulipeleka lilivyo. Nikamgeukia Mama Sifa, nikamuuliza swali lingine. Nikasema, "Je, ni kweli mume wako aliwabebea mizigo?" Naye, maskini wa Mungu, akajibu, "Ndiyo." Nikamwambia afisa, "Amejibu ndiyo." Afisa akaandika.

Ndugu zangu, mnaona uovu wa moyo wangu? Mtu angenishika siku ile, ningeapa kwamba sikusema uongo. Mizigo ilibebwa kweli. Ndiyo ilisemwa kweli. Nilichukua kweli mbili nikazifanya kuwa kamba ya kumfungia mjane. Na mama yule alipoinuka kwenda, alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru. Alinishukuru kwa sababu alikuwa amesikia mtu akisema lugha ya kwao.

Baada ya miezi kadhaa majibu yalitoka. Alikataliwa. Niliiona barua kabla haijatumwa. Nilitegemea furaha. Kwa kweli nilitegemea kwamba moyo wangu utasema, "Heri, nimekulipizia kisasi." Nikapita kwa muuza nyama, nikarudi nyumbani na kilo moja, nikamwambia Riziki apike kwa vitunguu vingi. Tukakaa kula. Tonge la kwanza halikupita. La pili nikalimeza kwa nguvu, nikatoka nje kutapika kwenye mtaro.

Tangu siku hiyo tumbo langu lilikataa. Nilikwenda kliniki, nikapimwa, nikapewa dawa, nikapimwa tena. Nilikonda hadi suruali ikafungwa kwa kamba. Nikawa mkali nyumbani. Watoto wakisikia hatua zangu mlangoni, wananyamaza. Riziki akiniuliza kinachonisumbua, nasema ni uchovu wa kazi. Nikifunga macho kuomba, naona kitambaa cha bluu. Nikaacha kuomba. Lakini kutafsiri mahubiri sikuacha! Niliendelea kusimama hapa, nikipaza sauti, "Mungu anasamehe!" huku nikijua kwamba kuna mama mahali fulani katika mji huu anayetembea bila karatasi kwa sababu yangu, akijificha kila akiona sare ya polisi. Binti yake alihitaji kupasuliwa mguu, na bila kadi ya ukimbizi jina lake lisingeingia kwenye orodha ya wa kusaidiwa. Hayo yote nilikuwa nayajua.

Karibu miaka miwili ilipita hivyo. Miaka miwili, wapendwa!

Sasa tazameni Mungu anavyotenda. Katika soko la Nakawa kuna dada yetu mmoja wa kanisa hili anayeuza mboga, na karibu naye akaja kukaa mama mmoja anayeuza makaa kwenye makopo. Walizoeana kwa ishara, kisha kwa Kiswahili kidogo kidogo. Dada yetu akamwalika kanisani. Mama yule alikuwa akikaa Kyebando, upande wa pili wa mji. Jumapili hiyo alitoka huko kwa miguu na Sifa, akimbeba pale mguu uliposhindwa, mpaka hapa.

Mimi nilikuwa kule kwenye viti vya mbele. Mchungaji alipofungua nafasi ya shuhuda, nikasikia minong'ono nyuma. Dada wa mboga akasimama akasema, "Mchungaji, kuna mgeni wetu ana neno la kumshukuru Mungu, lakini Kiswahili chake ni kidogo. Anaomba aseme kwa lugha ya kwao." Akaitaja lugha.

Mchungaji hata hakufikiri. Akasema kwa furaha, "Mungu hakutuacha! Ndugu Byamungu, si lugha hiyo unaijua? Njoo usimame na mama."

Nikainuka. Mama akapita katikati ya mabenchi, kichwani kitambaa cha rangi nyingine, lakini uso ulikuwa uleule. Alipofika mbele akageuka kumtazama mkalimani wake, na nikaona amenitambua. Hakushtuka. Alinitazama muda mrefu kidogo, kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka. Kisha akatazama kanisa akaanza kusema.

Mnajua mkalimani anavyosema. Hasemi "huyu mama anasema." Anasema "mimi." Kwa hiyo nilisimama hapa, mtu mzima mwenye ndevu, nikasema, "Mimi nilikuwa na mume. Mume wangu alikuwa anatengeneza baiskeli." Kila alichosema nilikisema. "Mimi nilimpenda. Watu wenye bunduki wakaja kijijini kwetu." Maneno yake yakaanza kukaa kinywani mwangu kama yangu. Kisha akafika pale. Akasema taratibu, "Walimlazimisha awabebee mizigo yao."

Nikafungua kinywa, hakuna kilichotoka.

Mama akanisubiri. Hakunikemea, hakunikonyeza. Akarudia sentensi ileile, neno kwa neno, kama mwalimu anavyomrudia mtoto mzito. Na mimi nikasema, "Walimlazimisha." Nikasema tena kwa sauti kubwa, "Walimlazimisha! Walimlazimisha awabebee mizigo yao!" Machozi yakaanza kunitoka, na wengi wenu mlidhani nimeguswa na kisa chake. Mkaanza kulia pamoja nami.

Lakini alikuwa hajamaliza. Akasema kwamba aliomba ulinzi katika nchi hii akanyimwa, na kwamba mwalimu mmoja wa Kyebando alimsomea barua. Barua ilisema mume wake aliwasaidia wauaji kwa hiari yake. Akasema, "Hapo nikajua. Maneno hayo sikuyasema mimi. Aliyeyasema ni yule aliyekaa kati yangu na afisa." Nikatafsiri. Akasema, "Nilimchukia mtu huyo mwaka mzima. Nilimlaani nikichota maji, nilimlaani nikiuza makaa. Chuki ikaanza kunila mimi, maziwa ya mtoto wangu mdogo yakakauka. Nikamwambia Mungu, mtu huyu amenizidi uzito, mchukue wewe. Na Mungu akamchukua. Nimemsamehe. Ndilo neno nililokuja kushukuru."

Ndugu zangu! Katika kanisa lote hili hapakuwa na mtu mwingine aliyeelewa lugha ile. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema, "Anamshukuru Mungu kwa afya," mkapiga makofi, mkaimba, akaenda zake Kyebando. Shetani alinipa sentensi hiyo tayari imepikwa. Niliiona mbele ya macho yangu.

Lakini Yesu alikuwa amesimama pale kabla yangu. Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimetafsiri neno neema labda mara elfu, na sikuwahi kulionja. Siku ile lilinipata. Mtu niliyemwangamiza alikuwa amesimama umbali wa mkono, amenisamehe kabla sijamwomba, na bado alikuwa ananiamini na maneno yake! Kwa nini aliniamini? Angeweza kukataa. Angeweza kunionyesha kidole. Kama mwanadamu anaweza kufanya hivyo, basi Mungu aliyemfundisha ni mkuu kiasi gani?

Nikatafsiri yote. Sikupunguza. Nilipofika mwisho nikasema, "Nimemsamehe. Ndilo neno nililokuja kushukuru." Kisha nikasema, "Na mtu huyo ni mimi."

Wote mkabaki mnatazamana. Mlidhani bado natafsiri. Mchungaji akaja karibu akanishika bega, akauliza polepole, "Ndugu Byamungu, hayo unatafsiri, au unasema mwenyewe?"

Nikamwambia, "Nasema mwenyewe, Mchungaji. Mimi ndiye niliyekaa katikati. Mimi ndiye niliyelitoa neno lile."

Nikapiga magoti. Sikuanguka kwa upako, nilipiga magoti kwa sababu sikuwa na mahali pa kuweka uso. Hapakuwa na vigelegele siku hiyo. Mzee mmoja alitoka nje na fimbo yake, na nilimwelewa. Riziki alikuwa ameinama pale alipokaa, amejifunika uso kwa kitenge. Nikamwomba Mama Sifa msamaha kwa lugha yake. Mnajua alichojibu? Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza. Hakunikumbatia. Alisema, "Nilishakusamehe. Kesho asubuhi twende ofisini."

Ndiyo, ndugu zangu. Msamaha ulikuwa na kesho yake.

Tulirudi nyumbani na Riziki. Alipika chai, akaketi mbele yangu. Nikamwambia yote tangu mwanzo, na nikamwambia nikienda kusema ofisini, kazi imekwisha, na pengine nitashtakiwa. Aliniuliza, "Na tutakula nini?" Nikasema sijui. Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Kisha akasema, "Baba Aline, nenda. Hata hicho tunachokula sasa hakikukai tumboni. Tangu lini mimi nimeolewa na mifupa?" Akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Mungu ambariki mke huyu. Niliogopa ataniacha, naye ndiye aliyenipigia pasi shati la kwenda kujishtakia.

Asubuhi tulikutana na Mama Sifa getini. Afisa yule alitupokea. Nilisema kwa Kiingereza mbele yake, kisha nikamgeuzia Mama Sifa kwa lugha yake nilichosema, ili ajue kila neno. Afisa aliweka kalamu chini. Alinitazama, akauliza, "Ssebo, bwana, unajua unachokisema?" Nikasema najua. Akauliza kama kuna wengine.

Hapo niliogopa kujibu. Kwa maana walikuwepo. Wawili. Wa lugha hiyohiyo. Kwa mmoja nilifupisha kisa chake kwa makusudi hadi kikawa hakina maana. Kwa mwingine nilibadilisha jina la kijiji. Nikawataja wote. Ndugu zangu, mmoja alipatikana, na shauri lake likasikilizwa upya. Mwingine, mzee mmoja mwenye jicho moja, hakupatikana. Alikuwa amekwishaondoka, na hakuna anayejua alikwenda wapi. Hilo bado liko nami. Nimesamehewa, lakini kila siku namtaja mbele za Mungu, na nikipita mahali penye wageni naangalia nyuso. Msidhani kwamba neema inafuta habari za watu wengine. Neema ndiyo inayonipa nguvu ya kuendelea kumtafuta.

Niliandika maelezo, nikatia sahihi. Kazi ikaisha siku hiyohiyo. Nilihojiwa na wakubwa mara tatu, na kila mara nilisema yaleyale. Mwishowe hawakunipeleka mahakamani, walinifuta kazi tu na jina langu likaandikwa kwamba nisiajiriwe tena kazi hiyo. Nilisema asante. Ilikuwa haki.

Na nilipotoka pale getini siku ile ya kwanza, jua la saa sita likiwa kichwani, Mama Sifa alinunua ndizi za kuchoma kwa mwanamke mmoja wa pembeni mwa barabara, akanikatia nusu. Nikala. Nilikula nikamaliza, nikasubiri, na tumbo likatulia. Nilisimama barabarani, boda zinapiga honi pande zote, na mimi nalia kama mtoto kwa sababu ya nusu ya ndizi! Mwanamke muuzaji akasema, "Bambi, maskini, huyu amefiwa?" Mama Sifa, kwa Kiswahili chake cha soko, akamjibu, "Hapana. Iko zima."

Iko zima! Wapendwa, mchungaji gani amewahi kuhubiri vizuri hivyo?

Shauri lake lilichukua miezi mingi. Walimweka mkalimani mwingine, dada mmoja mwaminifu, na maneno yote yakafika mezani yakiwa kamili. Akapata ulinzi. Akapata kadi yake na ya watoto. Sifa akapasuliwa mguu. Madaktari walisema angeletwa mapema ungenyooka wote. Haukunyooka wote. Anatembea vizuri sasa, anakwenda shule, lakini anachechemea kidogo, na kila nikimwona naijua ile miaka miwili niliyomwibia. Siku moja nilimwambia hivyo, nikamwomba msamaha yeye mwenyewe, kwa kuwa mguu ni wake, si wa mama yake. Alifikiri, akasema, "Sawa, Papa. Lakini mwenzio nataka kucheza mpira na wewe hukimbii." Basi Jumamosi huwa nakimbia, na mgongo unajua.

Mimi sasa nafanya kazi na Riziki. Yeye anashona vitenge, mimi napiga pasi, natia vifungo, napeleka kwa wateja. Ninachopata ni kidogo kuliko kile cha ofisini. Watoto wanasikia hatua zangu mlangoni na wanaendelea kupiga kelele. Nikiwasikia wanapiga kelele, nasema Haleluya!

Kuhusu lile kabila. Mchungaji alinikalisha chini majuma mengi, tukaomba kwa ajili ya Heri. Nililia kilio ambacho sikulia siku ya mazishi. Niligundua kwamba nilikuwa na hasira nao, lakini nilikuwa na hasira zaidi na yule mtu aliyejibanza nyuma ya ukuta akaziba mdomo. Nilimwadhibu Mama Sifa kwa woga wangu mwenyewe. Mungu alinikuta hata pale nyuma ya ukuta. Alinitoa. Waliomuua mdogo wangu watajibu mbele zake, hilo nimelikabidhi, na mikono yangu sasa ni mitupu na ni myepesi.

Mama Sifa ameketi pale, safu ya tatu, na Kiswahili chake siku hizi kinanishinda utani. Nimemwomba asikilize kwa makini. Mama, kama nimepunguza jambo, simama uwaambie.

Mmemwona, anatingisha kichwa. Bwana apewe sifa!

Nawashukuru ninyi kanisa. Hamkunifukuza. Mliniondoa pale mbele, na mlifanya vyema. Benchi la mwisho limenifundisha kusikia. Namshukuru yule mzee aliyetoka na fimbo yake, kwa sababu juma lililofuata alirudi akakaa karibu nami, akanipa nusu ya kitabu chake cha nyimbo nishike. Namshukuru Riziki. Na zaidi ya wote namshukuru Yesu, ambaye hakungoja niwe safi ndipo anikaribie.

Sasa nawe uliyekuja leo. Labda unaimba kwaya. Labda unatoa sadaka na watu wanakuita mtu wa Mungu. Na labda kuna kitu kimoja ambacho unakijua wewe na Mungu peke yenu, na umekizoea kama mtu anavyozoea jiwe kwenye kiatu. Sikutishi. Nilitishwa miaka mingi na haikunibadilisha. Kilichonibadilisha ni kusamehewa. Mwamini Bwana, ndugu yangu. Mwamini, dada yangu. Atakugharimu, sitakudanganya, lakini anachokuachia ni kingi kuliko anachochukua. Alhamisi mchana huwa tunaomba hapa, watu wachache tu, na mlango wa pembeni haufungwi. Njoo. Ukishindwa kusema, keti tu nasi. Mungu ana subira kuliko ofisi zote za Kampala, na kwake hakuna aliyewahi kuambiwa arudi wiki ijayo.

Ahimidiwe Bwana, na ninyi nyote mbarikiwe. Amina!